Kuhesabu Hadi Kumi Mlangoni

Binti yangu alifikisha miaka minne bila kusema neno hata moja, na katika boma letu ni mimi tu niliyekuwa na wazo la kwa nini. Daktari wa masikio alisema masikio ni mazima. Mchungaji alisema tuzidi kuomba. Mume wangu alisema hata yeye alichelewa kusema, jambo ambalo si kweli, maana watu waliokuwepo wanasema alianza kubishana kabla ya kuota meno. Mimi nilinyamaza. Nilijua kwamba kuna asubuhi mtu aliniita, nikasikia, nikakataa kuitika, na sasa nilikuwa na mtoto ninayemwita kutwa na haitiki.

Nitaeleza polepole, kwa sababu nikieleza haraka nitajipendelea.

Mimi ni mtu wa Timau. Mama yangu alifanya kazi kwenye shamba la maua, ndani ya chumba cha baridi ambako maua hukaa kabla ya kusafirishwa. Alirudi nyumbani akiwa hasikii vidole vya miguu. Mimi kifungua mimba nilikuwa na kazi moja jioni: kukaanga mahindi makavu kwenye sufuria, kuyamimina ndani ya soksi nzito, kufunga kifundo na kuiweka chini ya nyayo zake. Moto ukizidi, mahindi mengine yalilipuka humo humo, nyumba ikanuka bisi, tukacheka. Kila mara mama alisema asante. Mimi nikakua nikidhani kila mtu duniani akipashwa miguu husema asante.

Nilipoolewa huku juu ya Manyatta, upande wa Embu, nilikuja na cherehani, godoro na mdomo. Ushonaji nilijifunza Majengo, mjini Meru, katika chumba cha kukodi nyuma ya bucha. Mdomo nilizaliwa nao.

Mama mkwe wangu alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye vidole vilivyopinda kwa kuchuma majani ya chai miaka yote. Hakunitukana hata siku moja. Aliniita "wa Timau". Majirani waliniita kwa jina langu, watoto wakaniita fundi, lakini yeye akaniita wa Timau, kana kwamba nimekuja kutembea tu na kuna gari linanisubiri barabarani. Yeye akisema Kiembu na mimi Kimeru tulielewana vizuri. Tukikasirikiana tulihamia Kiswahili, ambako kila mmoja wetu alikuwa mgeni.

Alikuwa na tabia moja iliyonikera kuliko zote. Kila asubuhi, kabla hajagusa maji, alifungua mlango wa jikoni unaotazama mlima, akashika fremu kwa mkono wa kulia, wa kushoto akauweka mgongoni, kisha akashukuru vitu vitatu kwa sauti. Wala havikuwa vitu vikubwa. Asante kwa kaa lililolala ndani ya majivu likaamka. Asante kwa ng'ombe, ameacha kukohoa. Asante kwa mlango, mvua haijauvimbisha. Baada ya kila asante alinyamaza kidogo, kichwa kimeinama upande, kama mtu aliyebisha hodi. Halafu aliitikia kwa kichwa, akaenda kwa kitu kingine. Mchungaji aliwahi kumuuliza kwa utani kama siku hizi anauomba mlango. Akajibu, "Mwenyewe anajua ni nani naambia."

Pale aliposhika, mbao ilikuwa nyeusi na laini. Nilikuwa nikipita hapo na ndoo huku nikisikia ng'ombe anashukuriwa, kuku anashukuriwa, mwiko unashukuriwa. Nilisubiri zamu yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nakamua huyo ng'ombe, nikilisha huyo kuku, nikishika huo mwiko. Miaka mitano nilisubiri, na jina langu halikupita mlango ule.

Sasa niseme na upande wake. Chumba nilichoweka cherehani kilikuwa chumba chake. Siku ya kuletwa nilikikuta kitupu, kimefagiwa, dirisha limefutwa, na kitanda chake kimehamia kwenye kijichumba kinachoshikana na jikoni. Nikaweka mashine dirishani kwenye mwanga, nikaanza kushona sare za shule. Asante sikusema. Nilidhani ndivyo inavyokuwa bibi harusi akija.

Mwaka wa tatu miguu yake ilikataa kutembea, akawa anashukuru kutoka kitandani, mlango wa jikoni ukiwa wazi. Daktari akasema hata hisia zimepungua kutoka magotini kwenda chini. Siku ya kwanza nilipomwosha nilishika zile nyayo nikashtuka, maana ulikuwa ubaridi ninaoujua. Kesho yake alfajiri nilikaanga mahindi. Nikaingia polepole, nikamkuta amelala, nikainua blanketi, nikaweka soksi chini ya nyayo, nikafunika, nikaenda kukamua. Nikirudi niliitoa. Nilifanya hivyo kila siku kwa karibu miaka miwili na hakuamka hata mara moja. Sikumwambia mtu, hata mume wangu, kwa sababu niliona aibu kumtendea mema mtu niliyemnunia.

Juma lake la mwisho, akina mama wa kanisa walikuja kumwona. Tulimketisha na mito. Nilipika chai ya watu kumi na wawili, nikachemsha nduma, nikazunguka na beseni la kunawa. Yeye alimshukuru aliyeleta ndizi, akamshukuru aliyeanzisha wimbo, akamshukuru na aliyesukuma dirisha upepo usiingie. Nilipomfikia nikampa kikombe mkononi. Akakishika kwa mikono miwili, akasema, "Asante kwa kikombe chenye moto." Akakishukuru kikombe.

Asubuhi iliyofuata sikukaanga mahindi. Nilichukua ndoo nikaenda zizini. Zizi liko karibu na dirisha la kijichumba kile kiasi kwamba mtu akikohoa ndani unamsikia. Nilikuwa nimeanza chuchu ya pili aliponiita. "Wa Timau." Nikaendelea kukamua. Akaita tena, sauti ile ile, bila kuipandisha. "Wa Timau." Nikajiambia, leo na angoje kidogo. Nikamaliza kukamua, nikachuja maziwa, nikaosha ndoo, ambayo kwa kawaida huwa naiosha mchana. Nilipoingia alikuwa amekufa. Miguu yake yote miwili ilikuwa nje ya blanketi.

Watu waliniuliza kama alisema neno lolote. Niliwaambia hapana, alilala tu akaenda. Wakasema amekufa vizuri.

Mwaka mmoja baadaye nilizaa msichana. Kwetu hakuna kukuna kichwa kutafuta jina. Msichana wa kwanza ni mama wa mume, na sisemi anaitwa kama yeye, nasema ndiye yeye. Mume wangu alimpokea mikononi akamwita mama. Mdogo wa marehemu, bibi mfupi anayependa ugoro, ambaye sote tunamwita tata, alikuja na maziwa, akamwinamia, akamwamkia: "Dada, umerudi. Ulikawia." Wazee wa rika la marehemu walimtania kitoto kile kama mwenzao, wakamuuliza kama bado anapenda chai iliyokolea. Mimi peke yangu nilikataa. Jina la marehemu nililiandikisha kwenye kadi ya kliniki, nikaliacha huko. Nyumbani nilimwita kwa jina la ubatizo, la kizungu, ambalo halikuwa na kaburi. Ningewezaje kumwita mama yule ambaye sikumwitikia?

Alikua vizuri. Alitambaa, akatembea, akanenepa. Ila hakutoa sauti ya neno. Alilia, alicheka bila kelele nyingi, alielewa kila kitu. Baba yake akimwita mama aligeuka. Tata akimwita dada aligeuka. Nikimwita mimi aliendelea na shughuli yake, mgongo kwangu, na mgongo huo wa mtoto wa miaka miwili ulikuwa unanitisha.

Kisha akaanza kuamka mapema. Nilitoka chumbani asubuhi moja nikakuta mlango wa jikoni uko wazi na yeye amesimama kizingitini kwa nguo ya kulalia, mkono wa kulia kwenye fremu, wa kushoto mgongoni. Alikuwa anatazama mlima. Midomo ilikuwa inacheza, ikitulia, ikicheza tena, bila sauti. Komeo la mlango ule liko juu na nilikuwa nimelifunga mwenyewe. Nikamuuliza mume wangu kama amelifungua akienda kazini kwenye kituo cha chai, ambako hupima majani. Akasema labda. Mume wangu ni mtu wa labda. Nikaamua kwamba ni yeye, na kila nilipolikuta wazi niliamua hivyo tena.

Baada ya miezi niliona kitu kwenye fremu. Chini ya ile alama nyeusi ya zamani, usawa wa kifua cha mtoto, mbao ilikuwa imeanza kulainika.

Hapo nilifunga mtoto mgongoni, mkubwa vile, nikampeleka hospitali mjini Embu. Walitupeleka kwa dada mmoja kijana ambaye kazi yake ni kufundisha watoto kusema. Alikaa sakafuni na binti yangu, akacheza naye kwa vizibo vya chupa, akituangalia sote wawili. Mwishowe akaniuliza, "Mama, kwa siku nzima huwa unamwambia nini?" Nikamwambia ninamwambia mambo ya kawaida. Akasema, "Nimekuhesabia tangu mmeingia. Kaa. Wacha. Njoo. Toa mkono. Hayo yote yanataka atii tu. Hakuna hata moja linalotaka jibu."

Nilikasirika. Nilikuwa nimesafiri kwa gari saa nzima ili nifundishwe adabu na mtu ambaye hajazaa. Lakini yeye hakukasirika. Alisema nianze na shukrani, kwa sababu shukrani ni neno fupi na mtoto analipenda. Kila asubuhi nimshukuru kwa kitu cha kweli alichofanya, kidogo tu, nikitaje kitu chenyewe. Nimwite kwa jina analoligeukia. Kisha ninyamaze, nihesabu moyoni hadi kumi, nimtazame, nisimjibie. Nifanye hivyo mara tatu kila siku, nikiwa na hamu au nisiwe nayo. "Tuone," akasema. Akamgeukia binti yangu. "Asante kwa kizibo chekundu." Akanyamaza, kichwa kikiinama upande.

Nilikuwa namtazama msichana wa mjini mwenye beji shingoni, na nilikuwa namtazama mama mkwe wangu mlangoni.

Kurudi nyumbani nilimpitia tata, nikamweleza, nikitarajia anicheke. Hakucheka. Alitia ugoro puani, akafuta. "Huyu kila mtu anaita mama," akasema. "Wewe unamuita kama mtoto ya jirani. Sasa unataka aitike akiwa wapi?" Nikamuuliza kama dada yake aliwahi kusema jambo lolote juu yangu. Akaniangalia sana. "Dada yangu alikuwa hasemi juu ya watu," akasema. "Alikuwa anasema na vitu. Watu aliwaogopa." Sikujua niweke wapi maneno hayo, nikaaga.

Asubuhi ya kwanza nilijisikia mjinga. Mtoto alikuwa ameniletea kijiko. Nikasema, "Asante, mama, kwa kijiko." Aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe aligeuka niliposema mimi, akanitazama mdomo. Nikahesabu hadi kumi. Hakusema kitu. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira na kwa furaha, halafu nikanawa uso nikarudi kwenye sare zangu.

Nikaendelea. Asante, mama, kwa kufunga kuku. Asante, mama, kwa kutomwaga uji. Asante, mama, kwa kuniokotea sindano. Siku nyingine sikuwa na moyo wa kumshukuru mtu yeyote, nguo zimeharibika, mvua imenyesha juu ya kuni, na bado nikasema, nikahesabu. Tabia ni kitu cha ajabu, huanza ukiibeba, kisha siku moja unakuta yenyewe ndiyo inakubeba. Baada ya miezi miwili nilikuwa nikiamka nikitafuta kitu cha kushukuru kabla sijatafuta viatu.

Ila ule ukimya wa kuhesabu ulibadilika. Mwanzo ulikuwa mtupu. Moja, mbili, tatu, nasikia nzi. Kisha ukaanza kujaa. Nikifika nne ng'ombe aliacha kucheua. Nikifika sita moto uliacha kupasuka. Kufika nane nilikuwa na hakika kwamba kuna mtu nyuma ya mtoto, kule kizani kwenye mlango wa kijichumba, amesimama akisikiliza kwa makini. Sikuona kitu na sitasema niliona. Nilianza tu kuhisi kwamba si mimi ninayengoja. Mimi ndiye niliyekuwa nangojwa.

Mtoto naye aliniletea vitu. Siku moja kilikuwa kikombe cha bati cha marehemu, kilichobanduka rangi ukingoni, ambacho nilikuwa nimekitupa juu ya dari baada ya mazishi. Siku nyingine kilikuwa kigoda, akakiweka upande wa jua la asubuhi, pale pale marehemu alipokuwa akikiweka. Nikashukuru. Ningefanya nini? Nilikuwa nimejifunza kushukuru kila kinacholetwa, na mkono ulionipa ulikuwa mkono mdogo wa mwanangu.

Siku iliyonivunja nilikuwa cherehani. Yeye alikuwa sakafuni akipanga vifungo. Nilikuwa nimeshasema mbili asubuhi ile na nilikosa ya tatu. Nikainua macho. Mwanga wa dirishani ulikuwa umeangukia kitambaa vizuri, sindano naiona hadi tundu, na maneno yakanitoka kabla sijayakagua. "Asante, mama, kwa kunipa chumba."

Mwanangu hakunipa chumba. Nilisikia nilichosema nikaacha kukanyaga. Naye aliacha vifungo, akainuka, akaweka mkono wa kushoto mgongoni, akanitazama. Yalikuwa macho ya mtoto, ila namna yake ya kutazama haikuwa ya mtoto. Nikahesabu. Nilifika kumi, nikafika ishirini, sikujua nitaachia wapi. Nilimwona moyoni yule mwanamke akifagia chumba chake kwa ajili ya mgeni asiyemjua, akibeba kitanda chake mwenyewe hadi pembeni mwa jikoni, na kila siku akipita mlangoni kwangu bila kupewa hata neno. Kumbe tulikuwa wawili tunaongoja. Nikasema, "Nisamehe." Mtoto akakaa chini, akarudia vifungo vyake.

Usiku huo nililala kama mgonjwa. Kulipokucha mume wangu alikuwa ameshaondoka. Niliona ukungu umeshuka hadi kwenye migomba. Nilimwacha binti yangu kitandani, nimemfunika mwenyewe, nikachukua ndoo nikaenda zizini.

Nilikuwa nimeanza chuchu ya pili.

"Wa Timau."

Sauti ilikuwa nyembamba na kavu, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Ilitoka dirishani kwa kijichumba. Mikono yangu ilisimama. Hakuna mtu aliyeniita hivyo tangu marehemu afe. Mume wangu hakuwahi, tata hakuwahi, na mtoto alizaliwa mwaka mzima baada ya jina hilo kuzikwa. Nikasubiri nijue kama nimesikia kweli. Ng'ombe alikuwa amesimamisha masikio akiangalia dirisha.

"Wa Timau."

Ndoo ilianguka. Nilikimbia, maziwa miguuni, sandali moja imebaki kwenye samadi, nikiitika huku nakimbia, "Ee, mama. Nakuja, mama. Nakuja." Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mwanangu alikuwa kizingitini, ametazama ndani safari hii, ametazama kwangu nilipotokea mlango wa nyuma. Alikuwa miguu mitupu juu ya saruji. Nilipiga magoti mbele yake. "Nimekuja," nikamwambia. "Nilisikia siku ile, mama. Nilisikia mara zote mbili."

Akanitazama mdomo, kisha akainamisha kichwa upande.

"Asante ya soksi," akasema.

Alisema kwa Kiswahili, kile cha ugomvi wetu. Mimi sikumwambia mtu juu ya soksi. Nimepekua tangu siku hiyo kila nilichowahi kusema. Ninayo tabia ya kuongea na cherehani nikishona peke yangu, na huenda kuna siku nililalamika kwa mashine, naye yupo sakafuni akisikia, akihifadhi. Labda na jina lile nililisema hivyo. Naweza kuamini hilo mchana, watu wakiwepo. Wakati ule, magoti yangu yakiwa kwenye saruji, sikuamini chochote. Nilihesabu tu, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimezoea. Nilipofika kumi uso wake ulilegea, akapiga mwayo, akasema, "Uji."

Tangu hapo hakunyamaza. Leo yuko shule na walimu wanalalamika. Anaitika nikimwita mama, anaitika na jina la ubatizo, na hajawahi tena kuniita wa Timau. Nilipomuuliza akiwa na miaka sita kama anakumbuka, alicheka akasema hilo ni jina gani. Yule dada wa hospitali alifurahi sana, akaandika kwenye faili kwamba mazoezi yamefaulu. Nilimshukuru kwa kalamu yake, kwa vizibo vyake na kwa kunisema. Alidhani namtania.

Bado ninashukuru kila asubuhi, vitu vitatu, kwa sauti, mlangoni. Ninahesabu hadi kumi baada ya kila kimoja. Wakati mwingine najikuta nimeweka mkono kwenye ile alama ya juu bila kujua, na mkono wangu unatosha hapo.

Ila kuna jambo la kesho yake, siku moja baada ya kuitwa. Nililiweka moyoni miaka hii yote na leo nalitoa. Niliamka kabla ya jogoo, nikakaanga mahindi, nikamimina kwenye soksi, nikafunga kifundo. Nikaingia polepole alipolala mwanangu. Nikainua blanketi, nikaweka soksi chini ya zile nyayo ndogo, nikafunika. Hakushtuka. Pumzi ilikuwa inakwenda polepole, macho yamefumbwa, mikono imetulia. Mtu yeyote angesema amelala fofofo. Nikainama nirekebishe blanketi, na chini ya kitambaa nikahisi vidole vya miguu vinajikunja, taratibu, vinaishika soksi ili isiteleze.

Macho bado yamefumbwa. Alikuwa macho. Alikuwa macho kila siku, miaka ile yote miwili ya soksi.

Nikasema asante, nikahesabu hadi kumi, nikaenda kukamua.